Jukwaa Lisilokanyagwa

Kisangani, 14 Julai 2025

Ruphin, leki yangu, mdogo wangu,

Nimechoka na simu. Wewe ndiye uliyesomea réseau, mitandao ya simu, mpaka Wazungu wakakupigia makofi, lakini kila nikikuuliza jambo la maana, réseau inakatika. Nikiuliza habari za watoto unanisikia vizuri. Nikiuliza mbona sauti yako imeshuka, unaanza: "Allô? Allô, Ya Hélène?" Bon, mimi dada yako mkubwa nimenunua kalamu. Daniella ataipiga picha barua hii na kukutumia kwa simu yake, na wewe utajibu vilevile, kwa mkono, usinipigie herufi za mashine. Nataka niuone mwandiko wako, maana huo haujui kunificha.

Kwanza, tunakungoja. Tarehe 13 Septemba nimeiandika ukutani kwa mkaa. Redio ya jimbo imetangaza kwamba mtoto wa maporomoko yetu ametengeneza uzi wa kioo unaopitisha mwanga bila kuupoteza, kuliko nyuzi zote za dunia. Tangu siku ile sokoni hawaniiti tena mama Daniella. Naitwa mama Mwanga, na samaki wangu wa moshi nawauza nikiwa nimeinua kichwa. Wengine wananuna, waache wanune.

Pili, Abbé Urbain anataka maisha yako kwenye ukurasa mmoja. Atayasoma kanisani Jumapili, siku moja baada ya kufika kwako, kabla hujaenda kutoa mhadhara wako chuoni. Mimi ningeweza kumwandikia, lakini ningeanza na siku uliyokimbia shule ukajificha ndani ya mtumbwi wa watu, na hilo si la kanisani. Andika wewe.

Tatu, kuna kitu tonton Évariste, ami yetu, anakutengenezea pale mtoni wakati huu maji yamepungua. Tangu papa atutoke, mzigo wote wa uvuvi wa ukoo uko kichwani pake, na bado amepata nguvu ya kukufikiria. Sikisemi ni kitu gani. Utakiona mwenyewe.

Yaya yako,
Hélène


Lannion, 2 Agosti 2025

Ya Hélène,

Nimepokea barua yako na nimecheka, jambo ambalo sijalifanya siku nyingi. Haya, huu ndio ukurasa wa Abbé.

Nilizaliwa Kisangani, kwenye maporomoko, baba mvuvi. Nilisoma kwa mapadri, kisha fizikia chuoni, miaka ile walimu walipokuwa wakigoma na maabara ikiwa na mizani mbovu na madirisha mazuri. Nilipata nafasi ya kwenda Ubelgiji, nikafika katika baridi nimevaa koti la mtu mwingine. Huko ndiko nilikokutana na nyuzi za kioo. Ni nyembamba kama unywele. Mwanga unaingia upande huu na kutokea upande ule ukiwa umebeba sauti na picha za watu. Lakini kioo, hata kikiwa safi namna gani, kinaula mwanga kidogo kidogo njiani. Nikauliza kwa nini tusiuache uzi uwe na uwazi katikati, mwanga upite kwenye hewa badala ya kioo. Hatukuwa wengi tuliouliza hivyo, na profesa wangu aliniambia nitazeeka bila kazi.

Hakuwa mbali na ukweli. Kwa miaka mingi nyuzi zetu zilivuja vibaya, na kwenye mikutano watu walitoka kunywa kahawa nilipopanda kusema. Nikahamia hapa Lannion, pwani ya Bretagne, mji ambao umeishi kwa kazi ya nyuzi tangu zamani. Hapa tukagundua namna ya kuupinda uzi wenye uwazi bila mwanga kuutoroka. Kazi hiyo imesimama, wengine wanaitumia. Mwaka jana tukatangaza kwamba uzi wetu mpya unapoteza mwanga kidogo kuliko uzi wowote uliowahi kupimwa. Hilo ndilo lililowafikia redioni.

Mwambie Abbé aishie kwenye kupinda. Hayo ya "wa kwanza duniani" ayaache. Tunarudia vipimo fulani kazini, na sipendi kusifiwa wakati kazi bado iko mezani. Na hicho kitu cha tonton Évariste, tafadhali msijisumbue.

Ruphin


Kisangani, 17 Agosti 2025

Leki,

Ukurasa wako nimeusoma. Unaandika kama mtu aliyeitwa polisi. Abbé Urbain naye ameusoma akasema, "Ndugu yako iko na unyenyekevu ya ajabu." Nikamjibu kwamba ni malezi ya papa. "Wa kwanza duniani" ameirudisha yeye mwenyewe kwa kalamu nyekundu, mimi mikono yangu haimo.

Mama wa kwaya wameshona vitenge vya sare, pagne ya bluu yenye taa za njano. Lori la kutupeleka uwanja wa ndege wa Bangoka kukupokea limepatikana. Utakula lituma ya ndizi za kupondwa, na liboke ya ngolo, kambare wa kufungwa majani, na usianze mambo ya "tumbo langu limezoea Ulaya".

Sasa nakuuliza jambo, na hii si simu, kwa hiyo hakuna Allô. Utalala kwangu au hoteli? Nyumba nimeipaka chokaa. Choo bado kiko nje, lakini kina mlango mpya wenye komeo. Daniella amenikataza kukuuliza, anasema tonton wake hajali mambo hayo. Mimi nauliza kwa sababu watu wa chuo watakufuata mpaka nyumbani, na sitaki uone haya mbele yao kwa ajili yetu.

Yaya yako,
Hélène


Lannion, 11 Septemba 2025

Ya Hélène,

Sitakuja. Nimeanza barua hii mara nyingi na kila mara nimefika hapohapo.

Chuo nimewaandikia pia. Usiniulize sababu, ni mambo ya huku. Siwezi kusimama mbele ya watu kwa sasa. Nyumba yako haina tatizo lolote, wala usifikiri hivyo. Waambie watu lolote utakaloona linafaa.

Nisamehe.

Ruphin


Kisangani, 21 Septemba 2025

Kwa Profesa Ruphin,

Barua yako ilifika. Nimewaambia watu lililofaa, kama ulivyoagiza. Hakuna aliyesema neno. Chakula kililiwa.

Nimeusoma tena ule ukurasa wa maisha yako, safari hii polepole. Mizani mbovu imo. Madirisha ya maabara yamo. Koti la mtu mwingine limo. Mimi simo. Papa yumo kwa maneno mawili, "baba mvuvi", kama mtu anayejaza karatasi za ubalozi. Halafu unaniambia nyumba yangu haina tatizo. Mimi sikukuuliza kama ina tatizo, nilikuuliza utalala wapi. Ni wewe uliyelijibu swali ambalo sikuliuliza, basi donc lilikuwa kichwani mwako tangu mwanzo.

Nimejifunza kuuza samaki nikiwa mdogo, nimezoea watu kuziba pua wakipita karibu yangu. Ila sikuwahi kufikiri kwamba mmoja wao angetoka kwenye tumbo lililonizaa. Kama ni sisi unaotuonea haya, sema, nitakusikia na nitaendelea kuishi. Aibu yangu mimi ni nyingine. Nilijisifu kwa ajili yako mpaka kwa watu nisiowajua, na sasa sina pa kuuweka uso.

Usihangaike kujibu haraka.

Hélène


Kisangani, 12 Oktoba 2025

Tonton,

Mama hajui kwamba nakuandikia. Mimi ndiye ninayepiga picha barua zenu, kwa hiyo nimezisoma zote. Unisamehe kwanza kwa hilo.

Juzi tukiwa kwenye chumba cha kompyuta chuoni, nilitafuta makala yako ya mwaka jana niwaonyeshe wenzangu wa mwaka wa tatu wa télécommunications. Nikakuta tangazo juu yake. Limeandikwa kwamba waandishi wenyewe wanaiondoa, kwa kuwa urefu wa uzi uliopimwa haukuwa ule waliouandika. Jina lako ndilo la kwanza chini ya tangazo. Wenzangu walikuwa nyuma yangu. Nikasema mtandao umekwama, nikafunga ukurasa. Ni kwa sababu hii hukuja?

Kama ni hivyo, kuna mambo unapaswa kuyajua, maana mama alikuandikia kwamba hakuna aliyesema neno. Barua yako ilifika Ijumaa. Aliisoma, akaniambia, "Funga kinywa yako," akaenda kupiga pasi pagne. Jumamosi tulipanda lori pamoja na kwaya mpaka uwanja wa ndege. Aliimba, tonton. Alijua na aliimba, mstari wa mbele, na mimi kando yake nikipiga makofi. Abiria walipokwisha kushuka wote, akatangaza kwamba ndege imekuacha Kinshasa. Kwa hiyo Jumanne, siku ya ndege nyingine, kwaya ikarudi tena Bangoka. Mara hiyo mama hakushuka kwenye lori. Siku hizi anakwenda sokoni kwa njia ya nyuma, ile ya matope.

Na kile kitu alichokuficha ni jukwaa la kuvulia samaki. Lile la marehemu koko, baba yenu, ambalo mto uliliondoa mwaka juzi. Tonton Évariste amelijenga upya mahali palepale juu ya maji makali, miti mipya, kamba mpya. Kilifanyika kikao cha kulipatia jina. Rolly wa ukoo wetu, ambaye ndiye angelifanyia kazi kila siku, alikataa lako. Alisema, "Ruphin iko mbali. Fimbo ya mbali haiue nyoka. Tupatie jukwaa mutu ya hapa." Mama akasimama akasema, "Jina ni Ruphin, ama musinihesabu tena katika ukoo." Tonton Évariste akamkubalia mama.

Desturi yetu unaijua kuliko mimi. Mwenye jina ndiye anayelikanyaga kwanza, na kabla yake hapandi mtu. Sasa maji yamepanda, familia zote zinavua, na migono yetu ya kunasia samaki inaning'inia mikavu. Kila asubuhi tonton Évariste anakuja kukaa kwenye mwamba, anawatazama wenzake wakitoa samaki, halafu anarudi nyumbani. Watu wanampa wawili watatu kwa heshima yake. Yeye, kupewa samaki.

Mama anasema hangoji jibu lako, lakini kila simu yangu ikilia anageuza kichwa.

Daniella


Lannion, 18 Oktoba 2025

Daniella, binti yangu,

Ndiyo, ni kwa sababu hiyo. Wewe umesoma somo hili, kwa hiyo nitakueleza wazi, na utakuwa wa kwanza wa nyumbani kujua.

Ule uzi ulikuwa umezungushwa kwenye bobini yenye lebo ya urefu wake. Siku moja walikuja wageni, wakuu na waandishi wa habari, na mimi nikataka waushike uzi kwa mikono yao. Nikakata sehemu kubwa, nikawagawia vipande kama mtu anayegawa peremende kwenye ubatizo. Lebo nikaiacha vilevile. Baadaye tukaupima uzi uliobaki, tukiamini ni mrefu kama lebo inavyosema. Mwanga ulionekana haupotei njiani, kumbe njia yenyewe ilikuwa fupi. Ni kosa la mtoto wa shule, na mkasi ulikuwa mkononi mwangu. Nilipoandika ukurasa wa Abbé nilikuwa nimeanza kushuku. Siku mbili kabla ya kupanda ndege tukaupima urefu upya, shaka ikaisha.

Kazi zangu nyingine zimesimama, watu wa hapa wananiambia hivyo kila siku kwa sauti ya hospitali. Lakini kuna vijana Japani waliotumia mwaka mzima wakitafuta kile nilichosema nimekipata. Mmoja aliniandikia. Alinishukuru kwa ukweli wangu, akasema atabadilisha mada ya masomo yake. Aliandika kwa adabu nyingi sana, na adabu ile ndiyo iliyonimaliza.

Sasa niambie ningewezaje kuja kusimama mbele ya pagne zenye taa, Abbé akisoma "wa kwanza duniani" kwa kalamu yake nyekundu. Ningemwambia nini yule mama anayeuza nyanya karibu na mama yako?

Usimwambie mama yako. Anadhani nawadharau, na mwache adhani. Yeye akikasirika anapata nguvu, namjua tangu utoto. Lakini akijua kwamba lile jina la mama Mwanga limetokana na uzi uliokatwa, hatatoka tena nyumbani. Nikimwondolea hilo atabaki na nini?

Habari ya jukwaa sikuijua kabisa. Mwambie tonton Évariste kwamba nimekubali Rolly akanyage kwa niaba yangu. Au waliondoe jina langu wampe mwingine. Ni miti tu.

Tonton Ruphin


Kisangani, 27 Oktoba 2025

Tonton,

Nimempelekea tonton Évariste maneno yako bila kumwambia sababu. Aliuliza, "Amekubali? Nani alimuuliza?" Kisha akasema, "Jina haitoke na simu. Kama anataka kuitoa, akuje aitoe na mikono yake." Nikamwambia umesema ni miti tu. Laiti nisingelisema hilo. Alivaa kofia yake akatoka bila kuniaga.

Rolly ana wasiwasi na kamba. Unajua kwamba hizi kamba za msituni zinalegea kadiri zinavyolowa, na anayezikaza ni yule anayepita juu kila asubuhi, fundo baada ya fundo, akienda kutazama migono. Za chini amezifikia kwa mtumbwi. Za juu haziwezekani mpaka mtu apande, na hakuna wa kupanda. Jukwaa limeanza kulia kwenye maungio. Ukisimama mwambani unalisikia hata ndani ya kelele za maji.

Mama sijamwambia. Akinitazama usoni najihisi nimeiba kitu chake. Njoo, tonton, hata kama chuo hawakuiti tena.

Daniella


Kisangani, 16 Novemba 2025

Ruphin,

Jukwaa limeondoka. Ilikuwa Jumanne asubuhi. Kamba za juu ziliachia, mti mmoja ukalala, mingine ikaufuata. Hakuna aliyeumia. Lakini miti yetu iliangukia majukwaa mawili yaliyo chini yake, ya nyumba nyingi, ikaenda na migono ya watu katikati ya msimu. Rolly aliingia majini kuokoa chochote, akatoka na kapu moja, nalo si letu.

Daniella alilia mpaka akatapika. Nilidhani ni kwa ajili ya jukwaa. Ndipo akaniambia yote, na barua zenu za kichinichini akanisomea.

Nitakuambia kilichonipata, kwa sababu mimi na wewe tumefichana vya kutosha. Kwanza nilifurahi. Nilikaa kwenye kiti changu nikamshukuru Mungu kwamba si sisi, kwamba choo changu hakina hatia. Halafu nikaona haya kwa furaha ile, ndugu yangu amevunjikiwa na kazi ya maisha yake na mimi nashangilia choo. Halafu nikakasirika, na bado nimekasirika. Uliona afadhali nikuchukie kuliko nikuhurumie. Nani alikupa ruhusa ya kunichagulia? Unauliza nitabaki na nini ukiniondolea jina la mama Mwanga. Jina lile walinipa wauza samaki, na wauza samaki hawaishiwi majina. Jana nimewaambia ukweli, nikiwa nimesimama mbele ya meza yangu. Yule wa nyanya alicheka, kweli. Kisha akaniuliza kama unakula vizuri huko.

Lakini siandiki kwa ajili yangu. Kwetu jukwaa likiangusha la mwenzako, mwenye jina anakwenda kwenye milango ya watu kuomba msamaha. Asipokuwepo, anakwenda mkubwa wa ukoo. Tonton Évariste amekwenda, na mimi nilimfuata nyuma. Mlango wa kwanza wakamuuliza, "Na mwenye jina iko wapi?" Nilidhani atasema uko Ulaya. Alivua kofia akasema, "Iko mugonjwa. Iko mugonjwa sana, hawezi kusafiri." Mlango wa pili akasema hivyohivyo. Mama wa nyumba ile akaanza kukuombea palepale, ameweka mkono juu ya kichwa cha tonton, na tonton akaitikia amina.

Unamjua tonton Évariste. Tulipokuwa wadogo na homa, mama alituambia dawa ni tamu, yeye alituambia ni chungu na akatushika mikono. Mzee huyu sasa anatembea na uongo wako nyumba kwa nyumba. Njiani nilitembea nyuma yake nikikumbuka kwamba mimi ndiye niliyelisimamia jina lako kikaoni wakati Rolly aliona mbali kuliko wote. Milango mingi bado. Anapumzisha magoti, ataendelea wiki ijayo.

Mimi nilidanganya Bangoka, huo ni mzigo wangu na nitaubeba mwenyewe. Wa kwake sijui nani ataubeba.

Sikuombi uje. Nimekueleza tu.

Hélène


Lannion, 19 Novemba 2025

Ya Hélène,

Nafika Jumamosi. Usimwambie Abbé, usiwaambie kwaya, lori lisije. Nitachukua pikipiki pale Bangoka na nitalala kwako.

Ule ukurasa, hukuwemo kwa sababu moja. Nilipouandika nilikuwa tayari naogopa kwamba siku moja watu watausoma wakicheka, na sikutaka jina lako liwe kwenye karatasi moja na langu siku hiyo. Nilidhani nakulinda. Nimekuacha peke yako ndani ya lori, ukiimba. Nikifikiria hilo ninashindwa kukaa kwenye kiti, nainuka, natembea chumbani, nakaa tena. Aibu ya uzi nimeizoea kidogo. Hiyo ya lori sijui kama nitaizoea, na sioni kwa nini niizoee.

Na niliandika kwamba ni miti tu. Mwombe Daniella asilirudie neno hilo kwa mtu, nitamwomba tonton msamaha mwenyewe.

Mwambie tonton asubiri, asiende kwenye milango iliyobaki mpaka nifike. Tutakwenda pamoja, na nitataka turudi kwenye ile miwili ya kwanza pia. Nimefikiria sana nitakachosema. Nikisema sikuwa mgonjwa, nitamfanya mzee mwongo mbele ya watu waliomwombea. Nikinyamaza, nitaendelea kujificha nyuma ya kofia yake. Kwa hiyo nitawaeleza lilivyokuwa. Nitasema nilikosea kazini, nikaona haya, haya ikanishika mpaka nikashindwa kula, nikashindwa kulala, nikashindwa kupanda ndege kuja kwa watu wangu. Halafu nitawaacha waamue wenyewe kama tonton aliwadanganya.

Ruphin